Mathe Akirudi Job, Chanjo Inabaki Nyuma: Vile Familia ya Ruiru na Thika Inaweza Kukaa Rada na Afya Mwaka Mzima

Kama unaishi Kimbo, Wataalam, Makongeni ama Ngoingwa, unajua vile siku huenda. Unarauka saa kumi na moja, unashika mat kabla fare ipande, na ukirudi keja usiku watoi washalala. Wikendi ni kufua, kanisa, chama na labda matanga ocha. Kwa hiyo mbio, hospitali inabaki kuwa mahali pa kukimbizwa mtu akishazidiwa.

Lakini vitu vingi vinavyoangusha familia huwa haviumi mapema. Presha inaweza kukaa na mzae miaka kumi bila kumsumbua. Surua haipigi hodi. Saratani ya mlango wa kizazi inaanza polepole, na ikipatikana mapema inatibika. Hizi zote zina kinga ama kipimo, na vingi ni vya bure ama vya bei ndogo hapa hapa Kiambu. Kinachokosekana kwa familia nyingi ni mtu wa kukumbuka tarehe.

Hii ndio mwongozo wa kukusaidia kukumbuka. Isome mara moja, uandike tarehe zako, halafu uendelee na hustle.

Kwanza, cheki vile ratiba ya mtoi imepangwa

Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa chanjo, ule watu wanaita KEPI, tangu 1980. Chanjo za huu mpango hazilipishwi kwa vituo vya serikali. Ratiba yenyewe ni hii:

- Akizaliwa: BCG ya kifua kikuu (ile huacha alama mkononi) na matone ya kwanza ya polio.
- Wiki 6: polio, penta, nimonia na rota.
- Wiki 10: zile zile tena.
- Wiki 14: awamu ya tatu, pamoja na sindano ya polio.
- Miezi 6: vitamini A ya kwanza.
- Miezi 9: surua na rubela, dozi ya kwanza.
- Miezi 18: surua na rubela, dozi ya pili.

Penta ni sindano moja inayozuia magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Rota ni ya matone mdomoni, ya kuzuia ile kuhara kali inayokausha mtoi maji mwilini.

Kutoka Julai 2025 kuna mgeni kwa listi: chanjo ya taifodi. Ilianza na kampeni ya nchi nzima iliyolenga watoi wa miezi 9 hadi miaka 14. Kama wako hakudungwa wakati huo, uliza nesi ukienda kliniki.

Hesabu ya wiki 14, hapo ndipo mambo hukwama

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Miezi mitatu ni kama wiki 13. Chanjo ya awamu ya tatu iko wiki ya 14. Umeona hiyo pengo?

Tuchukue mfano. Mtoi amezaliwa Jumatatu tarehe 5 Januari 2026, na mathe ameanza likizo siku hiyo hiyo. Wiki 6 inaangukia tarehe 16 Februari, mathe yuko nyumbani, poa. Wiki 10 ni tarehe 16 Machi, bado yuko nyumbani. Likizo inaisha mwanzo wa Aprili. Wiki 14 ni Jumatatu tarehe 13 Aprili, na wakati huo mathe amerudi job wiki moja tu. Nani ataenda kwa supavaiza wiki ya kwanza kuomba ruhusa? Kama likizo ilianza kabla ya kujifungua, hesabu inakuwa mbaya hata zaidi.

Baada ya hapo surua ya kwanza ni tarehe 5 Oktoba 2026, na ya pili ni tarehe 5 Julai 2027. Hiyo ya pili huwa rahisi sana kusahau, juu mtoi anatembea, anaongea, anakula ugali, na kitabu cha kliniki kiko chini ya nguo kwa kabati. Na dozi moja ya surua haitoshi. Kuna watoi ambao mwili wao haushiki kinga mara ya kwanza, hasa wakidungwa wakiwa wadogo, na ile ya miezi 18 ndio huwafikia.

Kwa hivyo fanya hivi kabla likizo iishe:

- Siku mtoi anazaliwa, piga hesabu ya tarehe zote na uziweke kwa kalenda ya simu ya mama na ya baba. Wote wawili. Weka kikumbusho wiki mbili mapema, ndio kuwe na muda wa kuomba ruhusa.
- Amueni mapema nani anapeleka wiki 14. Baba anaweza. Shosho anaweza. Dada wa kazi pia anaweza, bora awe na kitabu cha kliniki na namba yako ya simu. Nesi anahitaji kitabu ndio ajue mtoi amefika wapi.
- Si lazima urudi pale ulipojifungulia. Ukiwa umejifungua Ruiru na mtoi anashinda kwa shosho Makongeni, dozi inayofuata inaweza kupeanwa huko Thika. Beba kitabu tu.
- Piga picha kurasa za chanjo na uzitume kwa mzazi mwenzako. Vitabu hulowa, huchomeka na hupotea watu wakihama ploti. Na siku ya kuandikisha mtoi shule, nyingi huitisha hizo rekodi.

"Kuja Alhamisi": kwa nini nesi hukurudisha

Hii huudhi wazazi wengi. Umechukua ruhusa, umefika, halafu unaambiwa surua ama BCG ni ya siku fulani tu. Wengi hudhani ni uvivu, lakini kuna sababu.

BCG na surua huja kama unga kwa chupa ndogo yenye dozi nyingi. Chupa ya BCG inaweza kuwa na dozi 20, ya surua dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, ni lazima itumike ndani ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Ukija peke yako na nesi afungue chupa ya watoi 20, dozi 19 zinaenda kwa taka. Ndio vituo vingi hukusanya watoi siku moja.

Dawa ya hii ni rahisi: ukienda wiki ya 6, uliza siku za surua ni zipi na uandike kwa jalada la kitabu. Pia uliza wanafungua saa ngapi, juu kliniki ya chanjo huwa zaidi ni asubuhi ya siku za kazi.

Kuna wakati chanjo yenyewe huisha. Kenya imepitia upungufu, na 2025 BCG na polio zilikosekana kwa vituo vingi. Ukiambiwa haiko, usirudi nyumbani ukasahau. Uliza itaingia lini, jaribu kituo kingine, na uweke kikumbusho kipya kwa simu hapo hapo kabla utoke kwa geti.

Umechelewa? Enda tu

Wazazi wengine huhepa kliniki juu wanaogopa kukemewa. Mtoi alikosa ya wiki 14, sasa ana miezi saba, na mathe anaona aibu. Enda. Chanjo haianzishwi upya, mnaendelea mlipofikia. Chache kama rota zina umri wa mwisho, kwa hivyo kila wiki unayongoja inaweza kukunyima kitu. Mafua kidogo ama kikohozi chepesi pia si sababu ya kukosa. Mwambie nesi, yeye ataamua.

Na kama unafikiria polio ni hadithi za kitambo, hapo Thika kuna shule ya Joytown, iliyoanzishwa na Salvation Army miaka ya 1960 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Hiyo ilikuwa enzi ambapo polio ilikuwa inaacha watoto wengi hawawezi kutembea. Leo watu huona polio kama jina tu kwa kitabu cha kliniki, na kazi hiyo ilifanywa na chanjo.

Kutoka mwaka mmoja hadi kumi: Mei na Novemba

Baada ya miezi 18 kliniki inakuwa kimya, lakini bado kuna kazi. Vitamini A ni kila miezi sita hadi mtoi afike miaka mitano. Dawa ya minyoo ni kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja. Uzito na urefu pia zinafaa kupimwa, juu mtoi anaweza kuonekana mnono na bado awe nyuma kwa urefu.

Usihangaike na tarehe nyingi. Serikali huwa na wiki za Malezi Bora mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, ambapo vitamini A na dawa za minyoo hupeanwa vituoni na hata kwa shule za chekechea. Andika "Mei" na "Novemba" kwa mlango wa friji. Watoi wako wote wa chini ya miaka mitano waende siku moja, kwa kituo kimoja. Umemaliza.

Meno nayo yapimwe mara moja kwa mwaka, na macho yacheki kabla aanze shule. Mtoi akikaa karibu sana na tivi ama mwalimu akisema hanakili vizuri ubaoni, usimchape kwanza. Peleka macho yapimwe.

Binti akifika miaka 10

Hapa wazazi wengi hulala. Chanjo ya HPV iliingia kwa ratiba ya Kenya Oktoba 2019, na ni ya wasichana wa miaka 10 hadi 14. HPV ni virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na saratani hiyo inaua zaidi ya wanawake 3,000 hapa Kenya kila mwaka. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hiyo.

Mbona mapema hivyo? Juu chanjo hufanya kazi vizuri kabla msichana akutane na virusi, na mwili wa umri huo hujenga kinga kali. Haina uhusiano na tabia, na haizuii mtu kupata watoto baadaye. Kama binti yako ako Darasa la Nne, la Tano ama la Sita, uliza shule kama watakuja kudunga, ama umpeleke kituo cha serikali siku za likizo. Uliza pia ni dozi ngapi kwa sasa, kisha iandikwe kwa kadi.

Sasa, wewe mwenyewe ulipimwa lini?

Mtoi ana kitabu. Mama akiwa mjamzito ana kitabu. Baba hana, na mama naye akishajifungua anabaki bila. Hiyo ndio sababu watu wazima hupotea.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulipata kuwa karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne ana presha ya juu. Kwa utafiti huo huo, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani, na karibu 88 kwa kila 100 hawajawahi kupimwa sukari. Maana yake ni kuwa kwa ploti yako kuna msee anatembea na presha na hajui.

Nunua daftari ya mbao, uandike "Afya ya Hii Nyumba", na kila mtu mzima apewe ukurasa wake. Vitu vya kuandika ni hivi:

- Presha: angalau mara moja kwa mwaka. Ikisoma 140/90 ama zaidi, rudia siku nyingine. Ikibaki hapo, muone daktari ama klinikal ofisa. Usianze dawa za jirani.
- Sukari: hasa kama umeongeza kitambi, uko zaidi ya miaka 40, ama mzazi wako ana kisukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 ama zaidi, kirudiwe haraka.
- Mlango wa kizazi: mwanamke kuanzia miaka 25 aulize kipimo. Kuanzia 30, kipimo cha HPV kinaweza kurudiwa kila miaka mitano kikiwa sawa. Mwenye virusi vya ukimwi hupimwa mara nyingi zaidi.
- Matiti: mwanamke ajue matiti yake yalivyo kawaida, na daktari ama nesi ayakague. Ukifika 40, ongea kuhusu mamogramu. Uvimbe wowote mpya haungoji mwisho wa mwezi.
- Tezi dume: wazae, ukifika miaka ya arobaini na kwa familia kuna mtu aliugua, anza hiyo stori na daktari. Kipimo cha kwanza ni damu tu, wacha uoga.
- Ukimwi: pimeni, na mjue hali ya kila mmoja.
- Macho: kutoka miaka 40, presha ya macho ichekiwe. Glakoma huiba macho polepole, na yakishaenda hayarudi.

Ya kukumbuka ni rahisi: mwezi wa birthday yako ndio mwezi wa vipimo vyako. Wa bibi ni wa bibi, wa bwana ni wa bwana. Hakuna anayesahau birthday yake.

Enda wapi bila kusota

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika. Hao wote wakienda hospitali ya Ruiru ama Thika Level 5 kwa kila kitu, laini haitaisha. Hospitali kubwa ni za wagonjwa na rufaa. Chanjo, presha, sukari na vitamini A ni kazi ya dispensari, yaani Level 2, na kituo cha afya, yaani Level 3, kama kile cha Kiandutu. Tafuta kilicho karibu na kwako ama karibu na stagi yako.

Doo nayo? SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili kwa kupiga *147#, na uongeze bibi ama bwana na watoi wote, mmoja mmoja. Huduma za msingi kwa Level 2 na 3 hulipiwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi, kwa hivyo ukishajisajili huhitaji kulipa ukifika hapo. Ule mchango wa kila mwezi, asilimia 2.75 ya mshahara na usiopungua shilingi 300, ndio hukufungulia hospitali kubwa. Wengi hujisajili na kusahau watoi, halafu wanagundua wakiwa dirishani na mtoi ana homa.

Kuna mtu mwingine wengi hawamtumii: mhudumu wa afya wa mtaa, wale wa CHP. Septemba 2023 serikali ilizindua vifaa vya wahudumu kama 100,000 nchi nzima, na kwa ule mkoba kuna mashine ya presha, ya sukari, mizani na kipima joto. Anapita kwa ploti bila malipo. Uliza nyumba kumi ama msimamizi wa ploti namba yake. Kwa msee anayefika nyumbani usiku, kupimwa presha Jumapili mlangoni ni rahisi kuliko kuomba ruhusa Jumanne.

Na usiweke mayai yote kwa kituo kimoja. Mgomo wa madaktari wa Kiambu wa 2025 ulianza Mei na ukaenda hadi Oktoba. Familia iliyojua vituo viwili vitatu, na iliyokuwa na rekodi zake kwa mkono, ilikuwa na pa kuanzia.

Ya kufanya leo usiku, dakika 20 tu

1. Toa kitabu cha kliniki cha kila mtoi. Tafuta nafasi isiyo na tarehe wala sahihi. Hiyo ndio safari yako ya kwanza.
2. Piga picha kurasa zote, tumia mzazi mwenzako.
3. Weka kwa simu: tarehe za chanjo zilizobaki, Mei, Novemba, na birthday za watu wazima.
4. Piga *147#, uhakikishe watoi wako ndani.
5. Anza ile daftari ya mbao. Mstari wa kwanza uandike presha yako. Kama huijui, acha wazi, halafu tafuta CHP wa mtaa wako wikendi hii.

Kama unajua mathe ama mzae ambaye likizo yake inaisha mwezi huu, mtumie hii kabla arudi job.